Namna ya Kutayarisha na Kupika Adesi Kavu Nyumbani

Katika jamii yote ya kunde inayopikwa Unguja na Pemba, zikiwemo kunde zenyewe, choroko, mbaazi, maharage na njugu mawe, adesi ndizo zinazoiva kwa muda mfupi zaidi, na ndizo pia ambazo mpishi huziharibu kwa wepesi zaidi. Huweza kubaki ngumu baada ya saa nzima ya moto, na huweza vilevile kurojeka zote kabla nazi haijamalizika kukunwa. Mara nyingi chanzo cha hasara hizo mbili ni kimoja, nacho ni kutia vitu sufuriani bila ya kufuata utaratibu. Adesi zinataka ziive kwanza kwa maji matupu, ndipo ziungwe kwa vitunguu, tungule (yaani nyanya), bizari, tui na ndimu. Anayeushika utaratibu huo atapata chakula kizuri kwa jiko lolote alilonalo, liwe la gesi, seredani ya mkaa au mafiga matatu.

Kuzijua na kuzinunua

Katika soko la Darajani mjini Unguja, kama katika maduka ya Chake Chake na Wete, mnunuzi hukutana na adesi za namna mbili. Ya kwanza ni adesi nzima, yenye ganda lake, rangi ya kahawia au ya kijani iliyofifia, na umbo bapa lililotuna kidogo katikati. Ya pili ni adesi nyekundu, ambayo kwa kweli ni adesi iliyokobolewa ganda na, mara nyingi, kupasuliwa mapande mawili. Ganda ndilo linaloamua kila kitu jikoni. Adesi nzima hushikamana na kubaki na umbo lake baada ya kuiva, kwa hiyo hufaa kwa wali na kwa mchuzi ambao mlaji anataka kuziona punje zake. Adesi nyekundu haina kitu cha kuizuia isipondeke, nayo hugeuka rangi ikawa ya manjano na kuwa nzito yenyewe, bila ya unga wala kitu kingine cha kuikoleza. Basi mpishi aamue kwanza anapika nini, kisha ndipo anunue. Asichukue kwa makosa dengu zilizopaazwa, ambazo nazo ni za manjano na huwekwa magunia yakiwa jirani, kwa sababu hizo huchukua muda mrefu zaidi kuiva na hazifuati maelekezo haya.

Adesi hazilimwi visiwani. Ni mmea unaopenda majira ya ubaridi, na hulimwa kwa wingi Kanada, Uhindi, Australia na Uturuki, kwa hiyo hutufikia zikiwa zimekwisha kusafiri baharini na kukaa ghalani. Jambo hili lina maana kubwa kwa mpishi, kwani kadiri adesi zinavyokaa katika joto na unyevu, ndivyo zinavyozidi kuwa sugu kwenye moto, na zile za zamani sana huweza kukataa kulainika hata zikichemshwa mara mbili ya muda wa kawaida. Kabla ya kulipa, omba uone kidogo kiganjani. Adesi nzuri zina rangi moja inayong'aa kidogo na ngozi isiyo na mikunjo. Zikiwa zimefifia, zimekunjamana, zina vitundu vya wadudu, au zinaacha ungaunga mkononi, ziache. Ni bora kununua nusu kilo mara kwa mara kutoka duka lenye wanunuzi wengi kuliko kujaza kilo tano kabatini kwa sababu bei ilikuwa nafuu.

Zikifika nyumbani zisiachwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Hewa ya visiwani ina unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika unyevu huo huingia kila mahali. Zitie katika chupa au kopo kavu lenye mfuniko unaobana, uliweke mbali na jiko na mbali na dirisha linalopigwa na jua. Aliye na friza anaweza kuzigandisha kwa siku nne au tano kabla ya kuzihifadhi, ili mayai ya wadudu yaliyomo yafe. Akishazitoa, aziache mpaka zirudi katika joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, zisije zikashika maji ya umande.

Kuchagua na kuosha

Hakuna hatua inayorukwa sana kama kuchagua, na hakuna inayomuudhi mlaji zaidi pale inaporukwa. Vijiwe vinavyopatikana katika adesi huwa na ukubwa na rangi inayokaribiana sana na punje zenyewe, khasa katika adesi nzima za kahawia, na jicho haliwezi kuviona vikiwa ndani ya bakuli. Zimwage adesi katika ungo au sinia nyeupe, mahali penye mwanga wa kutosha, kisha uzivute upande mmoja kidogo kidogo kwa vidole, ukitoa vijiwe, mapande ya vijiti, punje nyeusi na zilizotobolewa. Kama zina makapi mengi, zipete kwanza. Robo kilo haichukui zaidi ya dakika tano, na kazi hii hufaa kupewa mtoto mkubwa, kwani macho yake ni makali na atajifunza kuzijua adesi kabla ya kujifunza kuzipika.

Baada ya hapo zioshe kwa maji baridi, ukizisugua taratibu kwa viganja na kumwaga maji yenye ukungu. Adesi nyekundu hutoa maji meupe mara nyingi zaidi kuliko adesi nzima, kwa sababu katika kukobolewa huachiwa vumbi la wanga, na vumbi hilo likibaki ndiyo hufanya povu jingi na kushika chini ya sufuria. Rudia mara nne au tano mpaka maji yakaribie kuwa safi. Punje zinazoelea juu zimwage pamoja na maji, kwani mara nyingi huwa zimeliwa ndani.

Suala la kuroweka limezua maneno mengi, nami naliona ni jepesi. Adesi nyekundu hazirowekwi kabisa. Zikikaa majini muda mrefu huanza kumeguka kabla hazijaona moto. Adesi nzima nazo hazilazimiki kurowekwa, tofauti na maharage na mbaazi kavu, lakini kuna hali tatu ambazo kuroweka huwa na faida: zikiwa ni za zamani, maji yakiwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi, au wanaokula wakiwa ni watu wanaosumbuliwa na tumbo kujaa gesi. Katika hali hizo, saa mbili katika maji mengi hutosha, na maji ya kurowekea yamwagwe yasipikiwe. Gesi hiyo husababishwa na aina za sukari zilizomo katika jamii ya kunde ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzisaga, na sehemu yake hutoka pamoja na maji yanayomwagwa.

Maji na moto

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu wapishi wengi huzilaumu adesi ilhali kosa liko katika maji. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja, kama vile Jambiani, Paje na Makunduchi, ardhi ni ya maweni, na visima vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa. Maji yanayopita katika jiwe hilo hubeba kalsiamu nyingi. Kalsiamu hiyo hushikamana na pektini, kitu kinachounganisha chembe za mmea, na kuiimarisha, kwa hiyo punje huchelewa kulainika hata moto uwe mkali vipi. Dalili yake ni utando mweupe unaoganda ndani ya birika la chai. Mwenye maji ya namna hii apikie maji ya mvua yaliyotekwa kwa usafi, kama anayo, au aroweke adesi nzima kwanza na akubali kwamba zitachukua muda mrefu zaidi.

Wapo wanaotia magadi ili ziive haraka. Ni kweli kwamba magadi hulainisha, lakini pia huharibu vitamini B1 iliyomo katika adesi, na yakizidi kidogo tu huacha ladha ya sabuni na kuzifanya zirojeke nje ilhali ndani bado. Sioni haja ya kuyatumia kwa chakula kinachoiva chini ya saa moja.

Vitu vikali kama ndimu, ukwaju, embe bichi na tungule vina athari inayofanana na ile ya maji magumu: asidi yake huzuia kuta za chembe za mmea zisilegee. Hii ndiyo sababu kubwa ya ule utaratibu uliotajwa mwanzo. Mpishi akitia tungule tangu mwanzo pamoja na adesi nzima, anaweza kuchochea moto mpaka alasiri na bado akakuta punje zina kiini kigumu. Chumvi, kinyume na wanavyosema wengi, haizuii kuiva ikiwa ni ya kiasi cha kawaida; lakini kwa kuwa maji hupungua sufuriani na chumvi haipungui, ni salama zaidi kuitia mwishoni na kuonja.

Kwa adesi nyekundu, chukua robo kilo, ambayo ni kikombe kimoja na robo hivi, kwa maji lita moja ikiwa unataka mchuzi, au robo tatu ya lita ikiwa utaongeza tui jepesi baadaye. Tumia sufuria kubwa kuliko unavyodhani inahitajika. Tia adesi katika maji baridi, injika, na ukae karibu mpaka zianze kutokota, kwani dakika hizo za mwanzo ndizo povu linapopanda na kufurika hadi kuzima moto. Lienguwe povu hilo kwa upawa, kisha upunguze moto. Kwa seredani, toa makaa kadhaa, usitegemee kunyanyua sufuria tu. Tia kijiko kidogo cha manjano na kijiko kimoja cha mafuta, ambayo hulituliza povu, na ufunike huku ukiacha upenyo. Baada ya dakika 15 hadi 20 punje zitakuwa zimepasuka. Koroga kila baada ya dakika chache kwa mwiko unaofika chini kabisa, kwa sababu adesi nyekundu zikishaanza kuwa nzito hushika chini haraka, na harufu ya kuungua ikishaingia haitoki kwa bizari yoyote.

Adesi nzima zinataka maji zaidi kidogo, lita moja na robo kwa robo kilo, na moto wa wastani unaotokota polepole. Moto mkali huzigonganisha na kuzivua maganda. Anza kuzijaribu baada ya dakika 25. Nyingi huwa tayari kati ya dakika 30 na 40, na zile za zamani huhitaji zaidi. Usijaribu punje moja, kwa kuwa haziivi zote kwa wakati mmoja. Chota nne au tano kutoka sehemu tofauti za sufuria na uzibonyeze baina ya kidole gumba na kidole cha shahada: zilizoiva hubonyea zote bila ya kuacha kiini. Maji yakipungua kabla ya wakati, ongeza ya moto, si ya baridi, ili zisikatizwe kutokota.

Anayetumia sufuria la presha asilijaze zaidi ya nusu, maji na adesi kwa pamoja, maana povu na maganda huweza kuziba tundu la mvuke. Kwa adesi nyekundu silipendekezi kabisa, kwani muda unaookolewa ni mdogo na hatari ya kuziba ni kubwa.

Kuziunga kwa nazi

Wakati adesi zinachemka, kuna nafasi ya kutosha ya kutayarisha vitu vingine. Ikune nazi moja, itie maji ya vuguvugu kikombe kimoja, ikamue na uichuje kwa kifumbu au chujio. Hilo ni tui zito, liweke kando. Tia vikombe viwili vya maji katika chicha ile ile, ukamue tena upate tui jepesi. Katakata kitunguu maji kimoja kikubwa na tungule mbili zilizowiva. Twanga punje nne za thomu (kitunguu saumu) pamoja na kipande cha tangawizi. Bizari ni hizi: kijiko kidogo cha bizari nyembamba, kijiko kidogo cha giligilani zilizosagwa, na pilipili manga kidogo. Bizari nyembamba ni bora ikaangwe kavu na kutwangwa siku ile ile, kwani iliyokwisha kusagwa na kukaa hupoteza harufu yake karibu yote, na katika adesi hakuna kingine cha kuificha kasoro hiyo.

Pasha mafuta vijiko vitatu katika sufuria nyingine, ukaange kitunguu kwa moto mdogo mpaka kigeuke rangi ya dhahabu, bila ya kukiharakisha. Tia thomu na tangawizi, koroga kwa dakika moja, kisha tia bizari na uzigeuze kwa nusu dakika tu, maana bizari iliyoungua huwa chungu. Tia tungule na uziache zipondeke na mafuta yajitenge juu. Mimina hapo adesi zilizokwisha kuiva pamoja na maji yake, ongeza tui jepesi, na uziache zitokote polepole kwa dakika 10 ili ladha ziingiane. Huu ndio wakati wa kutia embe bichi lililomenywa na kukatwa vipande, katika msimu wake, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa kwa anayetaka harufu yake bila ya ukali wote.

Tui zito huja mwisho. Mara linapotiwa, mpishi asiondoke wala asifunike. Aendelee kuteka na kumimina kwa upawa, upande mmoja, mpaka mchuzi uchemke kidogo juu, kisha aepue. Likiachwa litokote kwa nguvu, tui hukatika, mafuta yakaenda upande wake na maji upande wake. Tia chumvi, uonje, na unyunyize kotimiri iliyokatwa.

Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua, au bora zaidi ikamuliwe na kila mlaji katika sahani yake. Ndimu hii si ya ladha peke yake. Gramu 100 za adesi kavu zina takriban gramu 24 za protini, na zina madini ya chuma kwa wingi, lakini chuma kinachotokana na mimea hufyonzwa mwilini kwa shida kuliko kile cha nyama na samaki. Vitamini C iliyomo katika ndimu hukisaidia kifyonzwe. Chai, kwa upande mwingine, hukizuia, kwa hiyo nyumba yenye mama mjamzito au mtoto aliyepungukiwa damu ingefaa iweke saa moja au zaidi baina ya mlo wa adesi na kikombe cha chai. Huduma hii ndogo haina gharama yoyote.

Mchuzi huu huliwa kwa wali mweupe, chapati, mkate wa mofa au boflo.

Supu ya futari na mseto

Katika mwezi wa Ramadhani adesi nyekundu hupikwa supu ya kufungulia, nayo haitaki nazi. Zichemshe pamoja na kitunguu kilichokatwa, karoti moja na manjano, kwa maji lita moja na nusu kwa robo kilo. Zikishalainika, zisage kwa blenda baada ya kupoa kidogo, au uzipitishe katika chujio kwa mgongo wa upawa. Zirudishe motoni, ukaange thomu na bizari nyembamba katika samli kijiko kimoja, na umimine juu yake zikiwa bado za moto. Supu iwe nyepesi inayonyweka, kwa kuwa tumbo lililofunga mchana kutwa halitaki kitu kizito mwanzo, na ikumbukwe kwamba itazidi kuwa nzito kila inapopoa.

Mseto, ambao wengi wamezoea kuupika kwa choroko, hukubali vizuri sana adesi nzima. Chukua kikombe kimoja cha adesi kwa vikombe viwili vya mchele. Zichemshe adesi peke yake kwa dakika 20, yaani ziwe zimelainika bila ya kuiva kabisa, uzichuje na uyahifadhi maji yake. Changanya maji hayo na tui upate vikombe vinne, yatie chumvi, yachemshe, kisha tia mchele uliooshwa pamoja na adesi. Maji yakikauka juu, punguza moto, funika vizuri na upalie makaa juu ya mfuniko kwa dakika 20. Mwenye jiko la gesi aweke moto mdogo kabisa. Kitunguu kilichokaangwa mpaka kikauke hutawanywa juu wakati wa kupakua, na samaki wa kukaanga au papa mkavu wa nazi ndiye mwenzake.

Kilichobaki

Adesi zilizochemshwa kwa maji matupu, zikipozwa na kutiwa katika friji ndani ya saa mbili, hukaa siku tatu au nne. Zilizokwisha kutiwa tui hazina uvumilivu huo. Kwa joto letu huchacha upesi, kwa hiyo zisilazwe juu ya jiko mpaka asubuhi. Ndiyo maana ni busara kuchemsha adesi nyingi kwa pamoja, kuhifadhi nusu kabla ya kuziunga, na kuziunga siku ya pili kwa tui jipya. Wakati wa kupasha moto, ongeza maji kidogo kidogo na ukoroge, na uhakikishe zimechemka, si kupata vuguvugu tu. Adesi nyekundu zilizoganda na kuwa nzito kupita kiasi zinaweza kuchanganywa na mbatata zilizochemshwa na kupondwa, pilipili, kotimiri na ndimu, zikafinyangwa maduara, zikachovywa katika uji mzito wa unga wa ngano wenye manjano, na kukaangwa kachori. Mafuta yawe yamepata moto wa kutosha kabla ya kuzitumbukiza, la sivyo hupasuka na kuyanywa mafuta.